Mwili Ndani ya Ndoto: Hotuba Kabla ya Kuonyeshwa kwa The Matrix

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wapenzi wa sinema, muda mfupi kabla ya filamu yenyewe kuanza. Inawekwa hapa kamili kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa kamati, ndugu zangu wapenzi wa sinema, mabibi na mabwana.

Nimepewa dakika 20 kabla ya taa kuzimwa, nami najua vyema kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyetoka nyumbani kwake kwa ajili ya kunisikiliza mimi. Mmekuja kutazama filamu, na mngependa nimalize upesi. Nitajitahidi. Wale ambao hawajawahi kuiona, na naona mikono minne au mitano imeinuka huko nyuma, nawaomba radhi mapema, kwa sababu kuna usaliti mmoja ambao nitalazimika kuufichua, kwani bila huo sina hotuba.

Niruhusuni nianze na kosa langu mwenyewe. Mara ya kwanza nilipoitazama The Matrix, niliitazama kwenye televisheni ndogo ya zamani, yenye kioo kilichobinuka na mgongo mrefu, na kwa nusu saa nzima ya mwanzo niliamini kwamba televisheni ile imeharibika. Nyuso za watu zilikuwa na ukijani wa mbali, kama wa mtu aliyeshinda na homa. Kuta za ofisi zilikuwa na ukijani. Mashati meupe yalikuwa na ukijani. Niliinuka nikaigonga ubavuni, kama ilivyokuwa tiba ya vyombo vyote siku zile, nikakaa, nikainuka tena, nikaanza kuhangaika na vitufe vya rangi. Nikiwa bado nimepiga magoti mbele ya kioo, yule kijana aitwaye Neo akazinduka kutoka katika usingizi wa maisha yake yote, akachukuliwa ndani ya chombo cha waasi, na rangi ya picha ikageuka ghafla kuwa buluu ya baridi, buluu ya chuma. Nilibaki na kidole juu ya kitufe. Televisheni ilikuwa nzima kabisa.

Ndugu zangu, ni nini kilichokuwa kimetokea pale? Waongozaji wa filamu, ndugu wawili Lana na Lilly Wachowski, walikuwa wameyaambia macho yangu siri ambayo masikio yangu yalikuwa bado hayajaambiwa. Kila tukio linalotokea ndani ya ulimwengu bandia lilipakwa ukijani, na kila tukio la ulimwengu halisi likaelekezwa kwenye buluu. Jicho langu lilijua kwamba kuna kasoro mahali fulani. Akili yangu ndiyo iliyokosea kwa kuitafuta kasoro hiyo ndani ya televisheni.

Nimelisimulia hilo kwa sababu ndilo lililonifikisha kwenye dai ninaloleta mbele yenu. Tangu filamu hii ilipotoka mwezi Machi mwaka 1999, watu wameizungumza kama filamu kuhusu akili: kuhusu shaka, kuhusu ujuzi, kuhusu kompyuta. Mimi nadai kwamba ni filamu kuhusu mwili. Nadai kwamba inahusu shingo, nyonga, mikono, na zaidi ya yote, inahusu ulimi.

Kisa chake, kwa ufupi, ni hiki. Mtaalamu wa kompyuta anaambiwa kwamba mji anaoishi, kazi anayoifanya na hata mwaka anaodhani yumo ni programu tu, iliyotengenezwa na mashine zilizowashinda binadamu vitani. Binadamu wenyewe wamelazwa ndani ya vidimbwi vya majimaji, wameunganishwa kwa mirija, wanaota ndoto moja kwa pamoja huku mashine zikivuna nishati ya miili yao. Wachache wamezinduliwa. Wanarudi ndani ya ndoto kupigana, na ndani ya ndoto wanaweza kuruka kutoka paa hadi paa, kwa kuwa wanajua kwamba paa lenyewe halipo.

Sasa tuiangalie shaka yenyewe, ambayo ni kongwe kuliko umeme. Plato alisimulia habari za wafungwa waliofungwa minyororo pangoni tangu utotoni, wakitazama vivuli ukutani na kudhani kwamba vivuli ndivyo vitu vyenyewe. Zhuangzi, mwanafalsafa wa China, aliota kwamba yeye ni kipepeo, na alipoamka hakujua kama ni mtu aliyeota kuwa kipepeo au ni kipepeo anayeota kuwa mtu. Lakini anayenivutia zaidi ni Mfaransa René Descartes, katika kitabu chake cha tafakuri kilichotoka mwaka 1641. Mtazameni vizuri. Ameketi karibu na moto, amevaa joho la baridi, ameshika karatasi mkononi. Anajiuliza: je, nawezaje kulitilia shaka jambo hili, kwamba nimeketi hapa, na karatasi hii nimeishika? Kisha anakumbuka ni mara ngapi ameota usiku kwamba yuko hapo hapo, karibu na moto huo huo, amevaa vile vile, kumbe amelala kitandani bila nguo. Anasonga mbele zaidi, anamwazia shetani mwenye hila na uwezo mkubwa ambaye kazi yake ni kumdanganya, na anaamua kujihesabu kuwa hana mikono, hana macho, hana nyama, hana damu.

Hana mikono. Hana macho. Hana nyama. Hana damu. Mnaona anachokitupa kwanza? Anautupa mwili! Kinachobaki ni fikra peke yake, na mwili unarudishwa baadaye kabisa, katika tafakuri ya sita, ambayo ndiyo ya mwisho, kama mgeni aliyesahauliwa mlangoni.

Filamu hii inaanza na shaka ya Descartes, halafu inaielekeza upande mwingine. Neo anapozinduka, hazinduki kama fikra tupu. Anazinduka akiwa uchi, hana unywele hata mmoja, amelowa ute, ana tundu la chuma kisogoni. Hawezi kusimama, kwa kuwa misuli yake haijawahi kufanya kazi, na inabidi achomwe sindano nyembamba mwili mzima ili ijengwe upya. Anauliza kwa nini macho yanamuuma, na anajibiwa kwamba hajawahi kuyatumia. Huo ndio ukweli unavyomfikia: kama maumivu ya macho. Baadaye anajaribu kuruka kutoka jengo moja hadi jingine ndani ya programu ya mazoezi, anaanguka, na anapotolewa humo anagusa midomo yake na kukuta damu. Alidhani haikuwa kweli. Damu ni ya kweli.

Naomba nigusie kwa haraka kitabu kimoja ambacho wajuzi hupenda kukitaja. Mwanzoni Neo anachukua kitabu cha Mfaransa mwingine, Jean Baudrillard, kinachohusu nakala zisizo na asili, na kumbe ndani kimechimbwa kuwa kijisanduku cha kufichia diski. Baudrillard mwenyewe hakufurahishwa na filamu hii. Aliona kwamba imechanganya swali lake jipya na lile la kale la Plato. Nadhani alikuwa sahihi kuhusu falsafa yake, lakini hakuitazama filamu vizuri. Kitabu kilichochimbwa ndani tayari kilikuwa kimekwisha kusema kwamba humo falsafa ni mahali pa kufichia kitu kingine.

Kitu gani? Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye utamu.

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba filamu inayohusu ulimwengu uliotengenezwa na kompyuta nayo imetengenezwa na kompyuta. Sivyo. Walipotaka mapigano, waongozaji walimwita bingwa wa mapigano ya sinema wa Hong Kong, Yuen Woo-ping, naye akataka waigizaji wenyewe wajifunze kupigana, tena kwa miezi, kabla ya kamera kuwashwa. Waigizaji wa Marekani hawakuwa wamezoea jambo kama hilo. Walifanya mazoezi kwa takriban miezi 4. Keanu Reeves, aliyekuwa Neo, alifika mazoezini akiwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa shingo, wa kuunganisha pingili za uti wa mgongo, kwa hiyo mwanzoni hakuruhusiwa kupiga mateke, na ukitazama kwa makini utaona kwamba mikono yake inafanya kazi kubwa kuliko miguu. Hugo Weaving, aliyekuwa wakala Smith, aliumia nyonga akafanyiwa upasuaji. Fikirini, ndugu zangu: huyu ni mtu anayeigiza programu ya kompyuta, kiumbe asiye na mfupa hata mmoja, naye yuko hospitalini kwa sababu ya mfupa.

Kuna tukio ambalo hata asiyeiona filamu hii analijua. Neo yuko juu ya paa, risasi zinamjia, anapinda mgongo nyuma karibu alale, na kamera inamzunguka huku risasi zikipita polepole kama samaki ndani ya maji. Ilifanywaje? Mafundi, wakiongozwa na John Gaeta, hawakuizungusha kamera, kwa kuwa hakuna kamera inayoweza kukimbia hivyo. Walipanga kamera takriban 120 za picha za mnato kwenye mkunjo mmoja, zikimzingira mwigizaji, kila moja ikilengwa kwa mwale wa leza mahali palipokuwa pamekwisha kupangwa, na lenzi zake zikichungulia kupitia matundu yaliyokatwa kwenye kuta za kijani. Kamera ya kwanza inabofya, ya pili inabofya, ya tatu inabofya, kwa mfuatano wa kasi ambayo sikio haliwezi kuihesabu. Kila kamera inatoa picha moja tu. Ukizipanga picha hizo, unapata mwendo wa kuzunguka ambao haukufanywa na kitu chochote. Kompyuta ilikuja baadaye kuziba mapengo kati ya picha na picha, na kuweka majengo yaliyotokana na picha za majengo halisi. Lakini katikati ya kamera zote hizo alikuwapo mtu, ameshikiliwa na waya, amepinda mgongo wake mwenyewe, ule ule wenye shingo iliyoshonwa.

Na mbinu yenyewe ni mjukuu wa jambo la zamani sana. Mwaka 1878 huko California, mpigapicha Eadweard Muybridge alipanga kamera kwenye mstari kando ya njia ya farasi, farasi akakimbia, kamera zikabofya moja baada ya nyingine, na watu wakaona kwa mara ya kwanza kwamba kuna wakati ambapo miguu yote minne ya farasi haigusi ardhi. Jicho lilikuwa limedanganywa tangu farasi alipofugwa. Kilichofanyika kwa Neo ni mstari ule ule wa Muybridge uliopindwa.

Nitaje na lile la mapacha, kwa sababu kila nikilikumbuka hucheka. Kuna mahali Morpheus, kiongozi wa waasi, anamwongoza Neo barabarani ndani ya programu ya mafunzo, watu wanapishana nao, na Neo anageuka kumtazama mwanamke aliyevaa gauni jekundu. Programu hiyo imeandikwa na kijana wa chombo chao, na kwa kuwa ni programu ndogo, nyuso zinajirudia. Leo fundi angebofya mara mbili na kunakili nyuso hizo kwenye kompyuta. Wao walitafuta mapacha! Waliwatafuta mapacha wa kufanana, wakawavalisha mavazi mamoja, wakawatembeza katika barabara ya Sydney, Australia, ambako filamu ilipigwa. Kwa kuonyesha kwamba kompyuta inanakili watu, walikwenda kuwaomba akina mama waliowahi kuzaa nakala. Wangapi kati yenu mmewahi kuwaona mapacha hao? Leo watafuteni.

Mwezi Machi mwaka 2000, filamu hii ilipata tuzo 4 za Oscar: uhariri, sauti, uhariri wa madoido ya sauti, na madoido ya picha. Zote nne ni za watu wa mikono.

Kabla sijaendelea, kuna kasoro ambayo uaminifu unanidai niitaje, hasa kwa kuwa inahusu mwili. Filamu inasema mashine zinawatumia binadamu kama betri. Wanafunzi wa fizikia mliomo humu mmekwisha kuanza kutabasamu. Mtu anayekula kilokalori 2,000 kwa siku hutoa joto la karibu wati 100, yaani kiasi cha balbu moja ya zamani, na joto hilo lote limetoka kwenye chakula alichopewa. Hakuna mwili unaotoa nishati kubwa kuliko uliyolishwa. Mashine zile zingepata faida zaidi kwa kukichoma chakula chenyewe moja kwa moja. Na filamu inalikoroga jambo zaidi inaposema kwamba wafu huyeyushwa ili kuwalisha walio hai, maana hapo kila mzunguko unapoteza nishati. Kwa hesabu, hadithi imeanguka. Mimi nimeisamehe, kwa sababu waandishi walihitaji mashine ziihitaji miili, hata kama fizikia haiwaruhusu. Wangetosheka na akili tupu, wasingekuwa na filamu.

Linganisheni na hoja ya mwanafalsafa Nick Bostrom, aliyeandika mwaka 2003, miaka minne baadaye, kwamba huenda sisi sote ni sehemu ya hesabu zinazoendeshwa ndani ya kompyuta ya vizazi vijavyo vilivyoendelea kutuzidi sisi. Katika hoja yake hakuna kidimbwi, hakuna mrija, hakuna tundu la kisogoni. Hakuna mwili uliolala mahali ukisubiri kuzinduliwa. Sisi wenyewe ni hesabu hiyo. Hoja hiyo inatisha kuliko filamu, lakini haiwezi kuwa filamu ya mapigano. Utampiga nani, na utaamkia wapi?

Sasa nifike kwa msaliti.

Mwaka 1974 mwanafalsafa wa Marekani Robert Nozick aliuliza hivi: tuseme kuna mashine inayoweza kukupa raha yoyote unayoitaka, ukiunganishwa nayo utadhani unaandika kitabu kizuri au unapata rafiki, ilhali umelala tu umeunganishwa waya kichwani. Je, ungekubali kuunganishwa maisha yako yote? Nozick aliamini kwamba tungekataa, kwa kuwa tunataka kuyafanya mambo yenyewe, na si kupata hisia za kuyafanya tu. Ni jibu la heshima. Ni jibu la mtu aliyeshiba.

Ndani ya chombo cha waasi, chakula ni uji mweupe usio na ladha, unaomiminwa kutoka kwenye bomba. Una virutubisho vyote. Kijana mmoja mezani anaanza kujiuliza mashine zilijuaje ladha ya nafaka aliyokuwa akiila katika ndoto. Huenda zilikosea, asema, huenda ndiyo sababu kuku anafanana ladha na kila kitu. Wenzake wanamwona msumbufu. Mimi naona ndiye mwanafalsafa pekee mezani pale, kwa kuwa amelipeleka swali la Descartes mahali ambapo Descartes hakulipeleka, yaani kinywani.

Na yuko mwingine aliyelisikia swali hilo na kulijibu kwa vitendo. Huyo ni Cypher. Miaka 9 ameula uji ule. Tunamkuta ndani ya ulimwengu bandia, katika mkahawa wa kifahari, ameketi na wakala Smith, na mbele yake kuna kipande cha nyama nono, kilichoiva nje na chenye damu ndani. Anakiinua kwa uma. Anakitazama. Anasema anajua kabisa kwamba nyama ile haipo, na kwamba atakapoitia mdomoni ni programu itakayouambia ubongo wake kwamba ina maji na ina utamu. Kisha anaitia mdomoni, anafumba macho. Anataka arudishwe ndotoni, asikumbuke chochote, awe tajiri, awe mtu maarufu, labda mwigizaji. Hapo Joe Pantoliano, ambaye ni mwigizaji, anaigiza mtu anayeomba kuwa mwigizaji, na sijui aliwezaje kutocheka.

Nawaulizeni, ndugu zangu, na msijibu upesi kwa sababu jirani yako anakusikia. Wahenga wetu walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini? Cypher ameishika methali hiyo kwa mikono miwili. Kosa lake liko wapi hasa? Je, ni kuitaka nyama? Kila aliyemo ndani ya chombo kile anaitaka. Je, ni kuchagua uongo anaoujua? Sisi sote tuliolipa kiingilio jioni hii tumechagua uongo tunaoujua, kwa saa 2 na dakika 16. Mimi nimemtafuta sana mahali anapopotoka, na nimempata si mezani, bali baadaye, anapoichomoa mirija ya wenzake mmoja mmoja wakiwa wamelala vitini. Ili yeye aipate nyama ambayo haipo, miili iliyopo inalazimika kufa, na anawashika kwa mkono wake, na wengine anawajua kwa miaka.

Kamera hapo haina mbwembwe. Hakuna risasi za polepole. Mtu anavuta waya, na mwingine kando yake anaacha kupumua.

Mwenyekiti ananionyesha saa yake, nami nina jambo moja tu lililobaki. Katika dakika ya kwanza kabisa, hata kabla hamjamwona mtu yeyote, mtaona alama za kijani zikitiririka kwenye weusi kama mvua. Hizo ndizo lugha ambayo ulimwengu ule bandia umeandikiwa. Zilibuniwa na msanii aitwaye Simon Whiteley, ambaye miaka mingi baadaye alieleza alikozitoa: alichukua vitabu vya mapishi vya mke wake, vya Kijapani, akazinakili herufi zake. Kwa hiyo ile programu inayotisha, iliyowafunga binadamu wote, imeandikwa kwa herufi za sushi. Mkiiona mvua hiyo, mkumbukeni Cypher na uma wake.

Ndugu yetu wa mitambo, nakushukuru kwa subira. Zima taa.